Faili moja, mikono tisa: databesi ya Access kwenye seva ya ofisi

Swali: Asalaam aleikum mtaalamu. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, iko Barabara ya Nkrumah, Mombasa. Mizigo ya wateja tunaiweka kwenye databesi ya Access ya MB 840, iliyo katika folda ya pamoja kwenye kompyuta tunayoiita seva (Windows 11 Pro). Tunaifungua watu tisa: sita kwa kebo, watatu kwa waifai. Mwezi huu imeharibika mara tatu, inatuambia iko katika hali isiyoeleweka na inataka kurekebishwa. Tena kuna asubuhi mtu mmoja akishaingia, wengine wote tunaambiwa faili linatumika. Bosi anataka tununue seva kubwa, kisha tawi letu la Changamwe nalo liingie kwa VPN (njia ya faragha ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti). Tununue?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Msinunue, angalau si sasa, na sababu yake ndiyo itakayokueleza mengine yote uliyouliza.

Kwa Access, hiyo seva yenu ni kabati tu. Haina karani ndani. Mtu akitafuta makontena ya mteja mmoja, seva haijui mteja ni nani wala kontena ni kitu gani. Kompyuta ya yule anayetafuta ndiyo inayokwenda kabatini na kuvuta faili ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa KB 4, ikisoma yenyewe mpaka ipate inachotaka. Kuandika ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mna injini tisa za databesi, moja katika kila kompyuta, na zote zinatia mkono katika faili moja kupitia mtandao. Ukileta kabati la chuma badala ya la mbao, mikono inabaki tisa.

Tazama kinachotokea karani mmoja anapohifadhi kontena jipya. Rekodi yenyewe inaandikwa katika ukurasa mmoja wa jedwali. Halafu kuna faharasa, yaani orodha za kutafutia haraka: tuseme moja ya namba ya kontena, moja ya mteja na moja ya tarehe ya meli kufika. Kila moja nayo ina ukurasa wake wa kubadilishwa. Hizo tayari ni kurasa nne kwa kubofya mara moja. Kabla ya kuanza, Access huweka alama mwanzoni mwa faili kuwa fulani anaandika, na akimaliza huifuta. Sasa karani huyo ana laptopu ya waifai. Kurasa mbili zimeshafika, naye anaifunika ili aipeleke chumba cha bosi. Mbili zilizobaki hazifiki kamwe, na alama haifutwi. Atakayefungua baada yake anaikuta ile alama, na ndipo unapopata ujumbe wa hali isiyoeleweka. Faharasa inaelekeza kwenye rekodi isiyokuwapo, au rekodi ipo na faharasa haiijui.

Kwa hiyo cha kwanza, leo hii: wale watatu watolewe waifai. Waifai ya ofisi hata ikiwa na kasi kubwa hukatika kwa sekunde moja mbili bila mtu kuona, maana kwa barua pepe na tovuti mkato huo si kitu. Access haivumilii. Vuta kebo za Cat6 mpaka kwenye meza zao, kipande kisizidi mita 100, na zisipite katika bomba moja na nyaya za stima.

Hata wale sita wa kebo wakaguliwe. Katika mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta, angalia kasi ya kiungo. Ikiwa swichi (kisanduku kinachounganisha kebo zote) ni ya Gbps 1 na kompyuta moja inaonyesha Mbps 100, kuna jozi ya nyaya iliyokatika au isiyogusa vizuri: Gbps 1 hutaka jozi zote nne, Mbps 100 hutosheka na mbili. Hapa kwetu pwani mchawi mara nyingi ni chumvi ya hewani. Chomoa plagi, imulike kwa tochi ya simu. Ukiona meno yake yana kutu ya kijani, usihangaike kuyasugua, kata ncha ufunge plagi mpya. Kisha fungua dirisha la amri na uandike `ping -n 1000 SEVA`, ukiweka jina la seva yenu. Kwa kebo nzuri jibu huja chini ya milisekunde 1, na pakiti zilizopotea ziwe 0. Zikiwa hata 3 katika 1000, kebo hiyo, au tundu lake la swichi, ndiyo mshukiwa.

Usingizi wa kompyuta huleta madhara yale yale ya waifai. Zima hali ya kulala kwenye seva na kwenye kompyuta zote tisa zikiwa kwenye umeme. Kisha nenda Device Manager, fungua kadi ya mtandao, na katika ukurasa wa Power Management uondoe tiki inayoruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme. Wengi hufanya la kwanza wakasahau hili la pili.

Stima nayo ikikatika katikati ya kuandika, hadithi ni ile ile ya kurasa mbili kati ya nne. UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme stima ikikatika) ya VA 1000 iwe ya seva na swichi. Nasisitiza swichi, kwa kuwa ofisi nyingi huilinda seva, swichi ikazimika, na kwa kila karani hapo ni sawa na kebo kukatwa kwa mkasi. Kompyuta za mezani zinazoandika sana zipate UPS ndogo za VA 650. Dakika chache za kuhifadhi na kutoka zinatosha.

Ukimaliza hayo na uharibifu ukaendelea, kuna jambo ambalo fundi wa mtandao hawezi kuliona kwenye kebo. Windows ina utaratibu wa kuazima faili: kompyuta ikifungua faili la seva hupewa ruhusa ya kuweka kurasa zake katika kumbukumbu yake yenyewe, ili isirudi seva kila mara. Kwa hati ya Word ni neema. Kwa Access ni hatari, kwa sababu watu tisa wanabadilisha faili hilo hilo wakati mmoja. Malalamiko yalizidi baada ya toleo la 1803 la Windows 10 mwaka 2018, na ujumbe waliokuwa wakiupata watu ni huo huo wenu. Dawa hutolewa kwenye kompyuta yenye faili, si kwenye za makarani. Wote wakiwa wametoka, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

`Set-SmbServerConfiguration -EnableLeasing $false`

Kubali, kisha uiwashe upya seva. Ili kuhakikisha, andika `Get-SmbServerConfiguration` utafute mstari wa EnableLeasing; lazima useme False. Gharama yake ni kwamba hati nyingine katika seva hiyo zitafunguka kwa uzito kidogo. Kwa ofisi ya watu tisa hamtaisikia. Anayetumia kisanduku cha NAS (hifadhi ya mafaili ya mtandaoni) chenye Samba, programu ya kushirikisha folda, badala ya Windows, mstari wa kuongeza katika mipangilio ya folda hiyo ni `veto oplock files = /*.accdb/*.laccdb/`, na katika mipangilio ya jumla `smb2 leases = no`.

Sasa ile kesi ya asubuhi. Access ikifungua faili la pamoja huunda faili jingine dogo kando yake, lenye jina lile lile na tamati ya .laccdb. Hilo ndilo daftari la zamu: kila kompyuta inayoingia hupewa baiti 64, yaani 32 za jina la kompyuta na 32 za jina la mtumiaji. Watumiaji hawawezi kuzidi 255, ndiyo maana faili hilo halizidi KB 16. Wa mwisho akitoka, hufutwa. Yaani kila mtumiaji lazima awe na uwezo wa kuunda na kufuta mafaili katika folda, siyo kuandika katika databesi peke yake. Akitangulia mtu asiye na uwezo huo, daftari haliundwi, na Access humfungulia kwa namna inayowafungia wengine nje. Niko tayari kusema kwamba asubuhi zenu mbaya ni zile anazotangulia mtu mmoja yule yule, labda mkaguzi au mtu wa hesabu aliyepewa ruhusa ya kusoma tu "kwa usalama".

Ruhusa ziko ngazi mbili, ile ya kushirikisha folda na ile ya diski yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wape wote tisa Modify kwa diski, na Change kwa kushirikisha. Full Control abaki nayo msimamizi. Mkaguzi asiyepaswa kubadilisha kitu mzuie ndani ya fomu, si kwenye folda. Na kwa kuwa humo mna namba za PIN za wateja na ankara zao, kikundi cha Everyone kiondoke: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahesabu ninyi kuwa watunzaji wa data hizo.

Ukitaka kujua ni nani amelishika faili, usiamini majina ukifungua .laccdb kwa Notepad. Jina hubaki humo hata mwenyewe akishatoka, mpaka mwingine aandikwe juu yake. Kwenye seva andika `fsmgmt.msc`, bofya Open Files, utaona ukweli. Unaweza kumfungia mtu hapo hapo, ila fahamu kuwa kumfungia anayeandika ni kuivunja databesi kwa mkono wako. Mpigie simu kwanza.

Yote hayo yanazuia maradhi. Kinachobadilisha afya yenyewe ni kuigawa databesi, na kwa maelezo yako nina hakika haijagawanywa: mnafungua faili lile lile moja lenye majedwali, fomu na ripoti. Kila karani akifungua fomu, hata umbo la fomu na vitufe vyake linavutwa kutoka seva. Hilo huleta uzito, na fomu ikiharibika inaharibika kwa wote.

Igawe siku ya Jumapili, ofisi ikiwa tupu. Nakili faili kwenye diski ya C ya kompyuta moja, na nakala nyingine iweke kando bila kuguswa. Katika menyu ya Database Tools chagua Access Database chini ya Move Data. Utapata mafaili mawili: la majedwali, tuliite Mizigo_be.accdb, na la fomu. La majedwali lirudishe seva. Katika la fomu fungua Linked Table Manager uyaelekeze majedwali kwa njia kamili, kama `\\SEVA\Data\Mizigo_be.accdb`. Usitumie herufi ya diski kama Z:, kwani siku kompyuta moja ikiiita Y: utapoteza asubuhi nzima. Kisha lihifadhi faili la fomu kama .accde, asiweze mtu kuchezea fomu, na nakala yake moja kwa kila kompyuta, kwenye C. Jaribu la kuweka faili la fomu moja seva "ili kurahisisha masasisho" ndilo linalowarudisha watu walikotoka. Masasisho yafanywe na faili la amri la mstari mmoja linaloanza mtu akiingia kazini:

`copy /y \\SEVA\Programu\Mizigo.accde C:\Mizigo\`

Kompyuta ambayo haina leseni ya Access itumie Access Runtime, ni ya bure.

Baada ya kugawa, watu wengi hulalamika kwamba fomu zimekuwa nzito kuliko mwanzo. Sababu ni lile daftari la zamu: kila fomu ikifungwa linafutwa, ikifunguliwa linaundwa, na kila safari ina gharama. Tengeneza jedwali dogo lenye rekodi moja katika faili la majedwali lililo seva, na fomu iliyofichwa inayolishikilia tangu programu inapoanza mpaka inapofungwa. Tofauti mtaiona siku hiyo hiyo. Pia, katika sifa za kila jedwali, weka Subdatasheet Name kuwa [None], na katika mipangilio ya databesi uzime Name AutoCorrect. Halafu angalia faharasa. Mnatafuta kwa namba ya kontena, kwa namba ya bili ya shehena na kwa mteja. Sehemu hizo tatu ziwe na faharasa, la sivyo kila utafutaji huvuta jedwali zima juu ya kebo. Lakini msiitie kila sehemu faharasa. Kumbuka zile kurasa nne.

MB 840 zinanishangaza kwa kazi ya maandishi. Ama mmebandika picha za hati ndani ya jedwali, ama hamjawahi kulibana faili. Picha zitoeni: ziwe mafaili ya kawaida katika folda, na jedwali liweke njia yake tu. Na rekodi zilizofutwa hazirudishi nafasi mpaka ufanye Compact and Repair Database. Kikomo cha faili la Access ni GB 2, na likigonga hapo halikuombi radhi. Bana mara moja kwa mwezi: wote watoke, hakikisha .laccdb haipo, nakili faili kwenye diski ya C, libane huko, lipe la zamani jina lenye tarehe, kisha rudisha jipya. Kubana moja kwa moja juu ya mtandao ni kuvuta na kurudisha faili zima huku ukiomba kebo isikatike. Ile tiki ya kubana kila linapofungwa iondoe.

Likiharibika tena, mpangilio ni huu. Wote watoke. Nakili faili lililoharibika kabla ya kuligusa, kwa maana marekebisho ya Access hutupa kisichosomeka na hayaulizi. Futa .laccdb iliyobaki. Rekebisha ile nakala, kisha linganisha idadi ya rekodi za kila jedwali na nakala ya jana usiku. Ikikataa, unda databesi tupu uyaingize majedwali moja moja. Kwa kawaida ni jedwali moja tu litakalogoma, na hilo utalitoa kwenye nakala ya akiba.

Nayo nakala ya akiba ikichukuliwa wakati faili limefunguliwa, inaweza kubeba zile kurasa mbili bila wenzake. Task Scheduler ya seva ianze saa tano usiku, iangalie kama .laccdb ipo. Isipokuwepo, inakili faili kwa jina lenye tarehe. Ikiwepo, inakili hata hivyo lakini kwa jina linaloonyesha shaka, na asubuhi umtafute aliyekwenda nyumbani bila kufunga. Weka za siku 14, na mara moja kwa wiki moja ipelekwe nje ya jengo katika diski ya USB. Za mwisho wa mwaka zisitupwe haraka. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ifungue moja kila wiki uone kama inafunguka kweli. Folda za kusawazisha kama OneDrive au Google Drive msiweke faili hai humo abadan. Zinanakili faili zima nyuma ya mgongo wa Access, na mkibadilisha wawili zinawapa mafaili mawili.

Tumefika Changamwe. VPN haikati faili tu, inalichosha. Piga hesabu: ulizo moja la kawaida linaweza kutaka kurasa 2,000. Kwa kebo ya ofisini, hata ikiwa nusu milisekunde kwa kila ukurasa, ni sekunde 1. Kwa VPN yenye milisekunde 30, ni sekunde 60, hata kama mmelipia intaneti ya kasi gani, kwa sababu kinachowakwamisha ni safari za kwenda na kurudi. Kwa sasa wa Changamwe waingie kwa Remote Desktop: kila mmoja ana kompyuta yake iliyowashwa hapo Nkrumah, yeye huona skrini tu, na mikono inayogusa faili inabaki mjini. Ipite ndani ya VPN. Mlango wa 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, usifunguliwe kwenye intaneti hata kwa siku moja.

Dawa ya kudumu, hasa Changamwe wakizidi wawili watatu, ni kuajiri karani wa kabati. Yaani injini ya databesi inayokaa kwenye seva: SQL Server Express ya Microsoft ni ya bure, na matoleo yake mpaka la 2022 hubeba GB 10 kwa kila databesi, mara tano ya Access. PostgreSQL nayo ni ya bure na haina kikomo hicho. Injini inakaa kwenye seva na ndiyo pekee inayogusa faili. Makarani hutuma maswali na kupokea majibu, na laptopu ikifunikwa katikati ya kuhifadhi, injini inafuta ile nusu kazi. Fomu zenu za Access hazitupwi: majedwali yanahamishwa kwa SQL Server Migration Assistant, kisha fomu zinaunganishwa kwa ODBC, kiunganishi cha programu na databesi. Kabla ya kuhamisha, kila jedwali lipewe ufunguo mkuu (sehemu inayoitambulisha kila rekodi peke yake), na baada ya kuhamisha liongezwe sehemu ya rowversion (alama inayobadilika kila rekodi inapobadilishwa), la sivyo Access itawaambia kuwa mtu mwingine amebadilisha rekodi ambayo hakuna aliyeigusa. Mafaili ya SQL Server yakae kwenye diski ya ndani ya seva, si kwenye NAS iliyo chumba cha pili. Na kama kijana wenu wa programu atapendekeza SQLite (databesi nyingine ya faili moja) katika folda ya pamoja, mkatalie: ni kabati lile lile, na hali yake ya WAL (ya kuandika mabadiliko kwanza katika faili la kando) haifanyi kazi kabisa juu ya mtandao.

Kwa bosi basi, orodha ya kununua ni hii: kebo tatu na plagi, UPS ya seva na swichi na zile ndogo za mezani, diski mbili za USB za kubadilishana, na kama kompyuta mnayoiita seva bado ina diski ya kuzunguka, SSD. Siku mtakapohamia SQL Server iongezeeni kumbukumbu ifike GB 16. Windows 11 Pro inaruhusu miunganisho 20 kwa wakati mmoja, na mashine ya skana inayotuma hati seva huhesabiwa humo. Mkifika watu 15 ndipo muanze kuulizia bei ya Windows Server.